Mbiu ikilia kijijini: msaragambo wa moto

Saa nane na robo usiku kale kamashine kadogo ka kutuitia moto, ninakolala nako pembeni ya mto wa kulalia, kakaanza kulia, na kama umewahi kuamshwa na simu ya msiba basi unaujua ule mshtuko, moyo unatangulia mlangoni kabla ya miguu. Nikavaa traksuti, nikadaka baiskeli, nje baridi ya Machi inakata masikio, na njiani naona taa za nyumba zinawaka moja moja, pale kwa fundi bomba, pale kwa yule mama anayefanya kazi benki, kule kwa mzee mwenye ng'ombe, na wote tunaelekea sehemu moja.

Kituo chetu cha zimamoto ni kama gereji kubwa tu. Kila mtu ana ndoano yake ukutani, na suruali inakaa tayari imeshushwa juu ya buti, yaani unachomeka miguu, unavuta mikanda mpaka mabegani, umeshavaa. Gari linatoka na watu tisa ndani, na hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hiyo ndo kazi yake.

Naandika hii kwa sababu kila nikiposti picha na ile helmeti ndugu zangu wa Kilema, kule nyumbani Kilimanjaro, mnaniuliza maswali yaleyale, eti umeacha uuguzi, unalipwa shingapi. Uuguzi sijaacha, bado nahudumia wazee kama kawaida. Na zimamoto silipwi mshahara, ni kujitolea, na si mimi peke yangu, Ujerumani nzima wa kujitolea kwenye zimamoto wako karibu milioni 1. Wale wa kuajiriwa wapo kwenye miji mikubwa, ile ya kuanzia watu laki moja hivi, huku vijijini ukipiga 112, namba ya dharura, anayekuja ni jirani yako.

Mi kwa mara ya kwanza kusikia king'ora cha kijiji kikilia nilikuwa na wiki mbili tu hapa Bavaria, nikadhani kuna vita. Mwenye nyumba wangu akaacha chakula mezani akatoka mbio, mkewe akafunika sahani kimyakimya akaendelea kula. Nikamuuliza kuna nini, akanijibu tu, kuna mtu anahitaji msaada. Hapohapo nikakumbuka nyumbani. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, si ndivyo tulivyofundishwa? Kumbe na hawa wana mbiu yao, wameiweka tu juu ya paa la ofisi ya kijiji.

Na hapa ndo nataka mnielewe vizuri. Hiki kitu ni msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Ule ule wa kwetu wa kuzibua mfongo, ule mfereji wa maji ya kumwagilia, na kutengeneza barabara, ila wao wameuwekea mazoezi, vifaa na sheria. Mwajiri wako hawezi kukukatalia kuondoka king'ora kikilia, mshahara wako wa yale masaa unaendelea na halmashauri ndo inamrudishia hela. Mimi nikiwa zamu siondoki, mzee wa kitandani huwezi kumwacha hivihivi, lakini fundi bomba anaacha spana chini ya sinki la mtu na mwenye sinki anaelewa kabisa.

Historia yake naipenda sana. Mwaka 1846 kwenye mji mdogo wa Durlach walianzisha kikosi cha raia, watu wa kawaida tu wenye pampu nzuri ya kusukuma kwa mikono, na walikuwa wanafanya mazoezi nayo. Mwaka uliofuata, Februari 1847, ukumbi wa maigizo wa mji wa Karlsruhe hapo jirani ukashika moto watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya 60. Watu wa kusaidia walijaa, kila mtu anapiga kelele, ndoo zinapita huku na huku, halafu wakaingia wale wa Durlach wakiwa na mpangilio, kila mtu anajua anashika nini, wakauzuia moto usisambae. Habari zikaenea, miji mingine ikaanza kuunda vikosi vya namna hiyo. Tofauti kati ya lile kundi la ndoo na wale wa Durlach haikuwa moyo, moyo wote walikuwa nao.

Sasa turudi kwenye ule usiku. Lilikuwa banda la majani makavu ya ng'ombe, marobota yamepangwa mpaka darini, na ukuta wa pili ni nyumba ya watu. Ng'ombe walishatolewa na majirani. Wawili wakavaa mitungi ya hewa, ile mitungi hewa yake ni ya kama nusu saa tu, na sheria ni mkiingia wawili mnatoka wawili, hakuna cha nisubiri nachungulia hapa. Mimi nilikuwa upande wa maji, kazi yangu ni kuunganisha mipira kutoka kwenye gari mpaka kwenye bomba la zimamoto la barabarani, na hapa nisimame kidogo kwa sababu hiki kitu kinanigusa.

Vichwa vya mipira ya huku havina dume wala jike. Pande zote mbili zinafanana, kila kimoja kina makucha mawili, unavikutanisha uso kwa uso, unazungusha kidogo, unasikia tak, imeshika. Mtu anaitwa Guido Storz ndo alibuni hiyo kitu mwaka 1882. Maana yake usiku kwenye giza na moshi huna haja ya kutafuta huu ni mwanzo au mwisho wa mpira, na kijiji cha jirani wakija na mipira yao inashika kwako bila maneno. Wakati niko pale nimepiga magoti kwenye matope nazungusha kile kichwa vidole vimekufa ganzi, nilikuwa namuwaza baba mdogo.

Baba mdogo ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii mlimani. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka nilikuwa bado nyumbani, moto ulianza Jumapili tarehe 11 maeneo ya Whona, njia ya kupandia ya vituo vya Mandara na Horombo, na usiku tulikuwa tunauona kutoka uani, mstari mwekundu unatambaa juu kule gizani na mama anasali kwa sauti. Watu walipanda. TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, na zimamoto walikuwepo, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walipanda, na wanakijiji, walikuwa mamia wa kujitolea. Baba mdogo alipanda na panga na tawi bichi, unapiga moto na tawi, unafyeka majani mbele yake ili ukose cha kula, na upepo ukigeuka unakimbia. Kule juu zaidi ya mita 2,700 hata kupumua ni kazi. Alirudi siku ya tatu nyusi zimeungua, macho mekundu, akanywa maji jagi zima ndo akaongea.

Kwa hiyo mtu akiniambia Wazungu wana moyo wa kujitolea sisi hatuna, namkatalia kabisa. Nimeona duka la jirani yetu linaungua nikiwa darasa la tano, mtaa mzima ulitoka, wamama wamejifunga khanga wanachota mchanga, vijana wako juu ya bati wanang'oa mabati kwa mikono ili moto usivuke, na tuliokoa nyumba mbili za pembeni. Duka liliisha lote. Mfongo ulikuwa unapita hatua kama sitini kutoka pale, maji yanatiririka usiku kucha, na hakuna aliyekuwa na namna ya kuyafikisha kwa wingi zaidi ya ndoo. Hiyo hatua sitini imekaa kichwani kwangu miaka yote hii.

Halafu si moto tu. Mwaka mzima tunaitwa zaidi kwa miti iliyoanguka barabarani, ajali za magari, mafuta yaliyomwagika kwenye kona, maji yameingia vyumba vya chini. Siku moja kengele ya moshi ililia nyumba ya bibi mmoja anayeishi peke yake, kasahau sufuria jikoni, tukafika moshi umejaa ila bibi mzima, amekaa kwenye ngazi anatetemeka. Nilivyovua helmeti akanitambua, nilimhudumia mumewe mpaka siku ya mwisho. Akanishika mkono, hakusema kitu, mkuu wetu wa kikosi akafungua madirisha na kuiosha ile sufuria. Kikosi cha watu wasiokujua hakiwezi kukupa hicho kitu.

Lile banda tulikaa nalo mpaka asubuhi, majani makavu hayazimiki, inabidi kuvuta robota moja moja nje, unalichambua, unalimwagia. Saa kumi na mbili wakaja watu na chai na mikate. Nyumba ya pembeni haikuguswa.

Desemba nilipokuja likizo nilimwambia baba mdogo twende kwenye mfongo. Tukaazima pampu ya petroli ya jamaa anayemwagilia nyanya, vijana sita wa mtaani wakajiunga, mipira tukaikusanya nyumba kwa nyumba, na hapo ndo shida, kila mpira una kipimo chake, huu mwembamba ule mnene, viungo vinapiga chenga maji yanarusha kila mahali. Kijana mmoja fundi baiskeli akakata tyubu ya ndani akafunga kila kiungo, akakaza na waya. Tukawasha tena. Maji yalikohoa, yakasimama, yakaja, yakapiga ukuta wa lile duka lililojengwa upya pale pale, na mama mwenye duka akatoka akasimama mlangoni anaangalia bati lake linavyolowa, hakusema acheni.

Tulipima kwa simu, kuanzia kupiga yowe mpaka maji kufika ukutani ilikuwa dakika 11. Wamekubaliana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya msaragambo wa mfongo wanafanya tena, na namba ya zimamoto, 114, baba mdogo ameiandika kwa rangi kwenye ukuta wa gulio. Mwezi uliopita amenitumia voisi, nyuma nasikia pampu inanguruma na watu wanapiga kelele, anasema mwanangu, leo dakika 7, ila kile kiungo cha tatu bado kinavuja.