Tairi la Tano

Mzee, muuza matairi, alilisimamisha tairi langu la zamani kwenye sakafu ya saruji, akachora alama ya chaki kwenye mpira na nyingine sakafuni palepale lilipogusa, kisha akalisukuma taratibu mpaka ile alama ikazunguka na kurudi chini. Akachora tena. Akatandaza futikamba kati ya chaki mbili.

"Soma," akaniambia.

Nikasoma: mita 2 na sentimita 53. Akalisogeza tairi jipya, lile nililokuwa nalitamani tangu nilipoingia, akalifanyia vilevile. Mita 2 na sentimita 62.

"Haya. Kila likizunguka mara moja, gari limekwenda sentimita 9 zaidi ya zile saa yako ya spidi inazozijua. Ikikuonyesha 80, wewe uko karibu na 83. Na injini yako itahisi kama umeiongezea mzigo, maana gia zote zimekuwa ndefu."

Ilikuwa Februari 2013, Arusha, pembeni ya mtaa wa Unga Limited. Nilikuwa nimeendesha magari ya watu miaka tisa, nikapeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Tarangire mpaka nikawa najua mashimo ya barabara kwa majina niliyoyapa mwenyewe. Sasa nilikuwa na langu: Land Cruiser HZJ78 iliyokwishatumika, injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Lilikuja na matairi membamba ya 7.50R16, yenye tyubu ndani, juu ya rimu za pete. Yamejaa nchi nzima matairi hayo, hata Canter za mizigo huyavaa. Mimi niliyaona kama viatu vya shule kwenye miguu ya mtu mzima.

Nilitaka 285/75R16, yenye meno makubwa ya tope. Nilikuwa na sababu. Mwaka mmoja kabla, nikiendesha gari la bosi, nilizama kwenye mchanga wa korongo kaskazini ya Engaruka, tukachimba kwa sahani za chakula tangu saa nane mchana mpaka giza likaingia. Usiku ule niliapa kwamba nikipata langu nitalivika matairi mapana. Na nisifiche, nilipenda pia namna gari linavyosimama likiwa nayo. Mteja hulitazama gari kabla ya kumtazama dereva.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia hiyo, kumwacha mtu amalize. Kisha akaweka rula wima kando ya tairi moja, halafu kando ya lingine.

"Unadhani unapanda juu. Hili jipya limezidi milimita 28 kwa kimo, lakini ekseli iko katikati, kwa hiyo wewe unapanda nusu yake. Milimita 14, mwanangu. Upana wa kidole." Akaonyesha chake. "Ulichonunua ni upana. La zamani lina sentimita 21, hili 28 na nusu. Hapo ndipo pesa yako ilipo, basi tuongee upana."

Tukaongea upana karibu saa nzima. Tairi jembamba, akasema, kwenye udongo mweusi wa mbuga huchana tope na kutafuta chini pagumu, wakati pana huelea juu na kuteleza kama sabuni. Kwenye mchanga mambo hugeuka, pana hukubeba. Ila hata jembamba ukilipunguza upepo mpaka geji isome paundi 20 au chini kidogo, hulala na kurefuka, likapita mahali ambapo ulidhani haliwezi. Tairi pana halikai kwenye rimu nyembamba ya inchi tano na nusu, litavimba mabega na kuliwa katikati. Kwa hiyo ningenunua na rimu za inchi nane. Usukani ukiukata mpaka mwisho, tairi lingesugua mkono wa ekseli ya mbele, hivyo angezirekebisha zile bolti za kuzuia, na gari lingehitaji nafasi kubwa zaidi kugeuka. Akanionyesha ubavuni tarakimu nne zilizofungwa kwenye kiduara: 3511, yaani limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2011. Akanionyesha 122, namba ya mzigo, kilo 1,500 kwa kila tairi. Sijawahi kuingia darasani nikafundishwa kitu kwa ukamilifu namna ile.

"Unakwenda wapi zaidi?" akauliza.

"Natron, Mzee. Ziwani, na kijijini Ngaresero. Nimepata watu wa kupanda mlima Ol Doinyo Lengai."

Akafikiri. "Natron ni mchanga, majivu na mawe. Basi chukua. Kama ungeniambia Ndutu wakati wa masika, ningekukatalia."

Nilifurahi kama mtoto. Nikatoa pesa, nikahesabu. Zilitosha rimu na matairi manne, zikabaki za dizeli.

"Gari lako lina matairi mangapi?" akaniuliza.

"Manne, Mzee."

"Hesabu tena."

Nikageuka kutazama mlango wa nyuma, liliponing'inia la akiba. Nikamwambia safari ya mwezi ujao ikilipa, nitarudi kwa la tano. Akaeleza mara moja tu: ekseli ya mbele na ya nyuma za gari hili, ukiingiza fo wili ili magurudumu yote manne yavute, zinafungwa pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira. Mmoja akiwa na hatua fupi, nira inapinda. "Tairi dogo likiingia, lipeleke mbele, na usiingize fo wili pagumu." Kisha akalifuta vumbi lile 7.50 moja, akalijaza upepo, akalifunga mlangoni.

Mwisho wa Machi nilipeleka wageni watatu Ngaresero. Kutoka Mto wa Mbu, ukiiacha lami, zilikuwa zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe, unapita Selela, Engaruka, unaliacha shimo lile kubwa wanaloliita Shimo la Mungu, na mlima unasimama mbele yako peke yake, mwinuko kama kichuguu. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Korongo lililonimeza mwaka uliotangulia nililivuka kwa gia ya pili, sikuhitaji hata kupunguza upepo, nikasimama ng'ambo na kushuka kulitazama. Nalisema mpaka leo: kwa barabara ile, matairi mapana yalikuwa chaguo sahihi.

Wageni walianza kupanda usiku wa manane, kama ilivyo desturi pale, ili wafike kileleni alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Mimi nililala ndani ya gari chini ya mlima. Mvua ilinyesha upande wa nyanda za juu za Ngorongoro. Nilisikia radi, kwangu yalidondoka matone tu. Karibu saa nne asubuhi wakashuka, na mmoja wao, mama wa makamo, alishuka akiwa ameshikwa mabega na kijana wa Kimaasai aliyewaongoza. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwenye mteremko wa majivu yaliyoganda. Kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi. Hakulalamika, ila uso wake ulikuwa mweupe na hakuongea. Tukapakia, tukaondoka.

Hatukumaliza hata nusu saa. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika, halafu nyuma kushoto kukakaa chini. Jiwe jeusi lenye makali lilikuwa limepasua ubavu, mpasuko mrefu kama kiganja changu. Pancha ya kwenye meno unaweza kuiziba. Ubavu hauzibiki.

Nikafunga lile 7.50 palepale nyuma kushoto. Maneno ya Mzee niliyakumbuka, nikayasukuma kando: kuhamisha la mbele kulileta nyuma ni kupiga jeki mara mbili, na yule mama alikuwa amelala kiti cha nyuma akiuma kitambaa.

Korongo lilikuwa limepitisha maji usiku. Mchanga ulikuwa umelowa, laini, nyayo zangu za jana zimefutika. Nikashuka, nikafunga habu za mbele ili magurudumu yale yashikane na ekseli, nikashusha upepo mpaka geji ikasoma 20, nikaingiza fo wili. Tulivuka. Mchanga husamehe, gurudumu linateleza kidogo na tofauti inapotea humo. Lakini ng'ambo barabara hupanda juu ya mwamba mtupu, na hapo hapakuwa na kuteleza. Usukani ukawa mzito, gari likaanza kwenda kama limefungwa breki, na chini ya miguu yangu kukatoka mlio mmoja mzito wa chuma ambao nausikia hata ninapoandika. Nikasimama. Nikavuta kigingi cha fo wili kukitoa. Kiligoma. Nikavuta kwa mikono miwili. Kiligoma.

Nilikaa na mikono yangu kwenye kile kigingi, nikaona nira. Gurudumu dogo linahitaji mizunguko mingi zaidi kufika mahali palepale, shafti ya mbele na ya nyuma zinatakiwa ziende sawa, haziwezi, kwa hiyo zinajikaza kama kamba inayosokotwa. Nikiendelea mbele, ningevunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukitengeneza kati ya pale na Mto wa Mbu. Kamba iliyosokotwa huisokotoa kwa kurudi ilikotoka. Nikaingiza rivasi, nikarudi nyuma taratibu, mita tano, kumi, nikiwa nimekivuta kigingi. Kikaachia chenyewe.

Hapo nikazima injini, nikamgeukia yule mama na kumwambia ukweli: nilikosea, nahitaji dakika 40. Akanitazama, akasema sawa. Nikapiga jeki mbele, nikatoa tairi pana la kushoto, nikalipeleka nyuma, na dogo likaenda mbele. Rafiki zake wawili walishika nati wasizipoteze. Nikaweka kiganja kwenye difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli, ilikuwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono haraka. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa kwa yule mama zaidi kuliko kwa chuma.

Tulipokuwa tunakaza nati za mwisho alifika mzee mmoja wa Kimaasai na mbuzi wake. Alimsalimia mgonjwa kwanza, akamtazama mguu kwa muda, ndipo akaligeukia lile tairi lililopasuka. Aliuliza kama nalihitaji. Nilisema hapana. Akapitisha kidole kwenye nyuzi zilizochomoza, akatikisa kichwa, akaligeuza na kupima ubavu mzima uliobaki kwa unyayo wake. Katambuga alizovaa, viatu vya tairi, zilikuwa zimekwisha visigino. Akaliviringisha, akaondoka nalo.

Nilijaza upepo kwa pampu ndogo ya umeme, tukaendelea kwa mwendo wa 30, gari likivuta kushoto njia nzima. Tuliingia Mto wa Mbu jioni, mama akahudumiwa zahanati; mfupa ulikuwa mzima.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mzee. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Uko mzima?"

Nikamsimulia yote, pamoja na rivasi na difu ya moto na yule mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mzee wa mbuzi alikuwa na kisu cha kufaa kukatia nyuzi zile. Kisha akaingia stoo, akatoka na 285/75R16 jipya, akalisimamisha sakafuni, akanipa chaki.