Nilivyolainisha kuta za sebule bila kubomoa lipu

Kuta mbili za sebule yetu zilikuwa na rangi nzito ya vinundu, na mbili nyingine lipu yake ilikuwa ya mchanga mkavu ambayo haikuwahi kusuguliwa. Ukiegemea unachunika kiwiko, na vumbi likishaingia humo halitoki kwa kitambaa. Fundi niliyemwuliza alitaka tubomoe lipu yote tupige upya. Mimi nikapita nikigonga kuta kwa vifundo vya vidole. Karibu kote zililia kwa uzito, isipokuwa kipande kimoja kando ya dirisha kilicholia kama debe tupu. Lipu iliyoachana na tofali hulia hivyo. Nikabomoa hicho tu, nikakiziba kwa saruji na kukiacha kikomae kama wiki nne. Kwingine kote nikaamua kupiga skimu, yaani tabaka jembamba la puti (unga laini wa kulainishia ukuta, unaokorogwa na maji) juu ya ukuta uliopo.

Puti haishiki kuliko kile kilicho chini yake. Rangi ikiwa imelegea, puti itabanduka nayo. Kipimo changu kilikuwa utepe wa gundi: unachora alama ya msalaba kwa wembe, unabandika utepe juu yake, unauvuta ghafla. Palipotoka magamba nilikwangua hadi pagumu, na palipong'aa nilipapiga msasa ili pakwaruzike. (Nyumba ikiwa ya zamani, usisugue kitu kabla hakijapimwa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na baadhi ya rangi za vinundu zilichanganywa na asbesto. Vumbi la hivyo si la kuvuta.)

Vinundu sikuhangaika kuvimaliza. Nilivikata vichwa tu kwa skrepa pana, nikiilaza karibu na ukuta. Kazi hiyo inachosha mabega, lakini ndiyo inayookoa puti: kinundu kimoja kikibaki kirefu, kinakulazimisha unenepeshe ukuta mzima ili ukifunike. Puti nene nayo hupasuka inapokauka. Tabaka moja halifai kuzidi milimita 1 au 2. Baada ya kukwangua nilifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, nikapaka praima, yaani rangi ya kutangulia, nikaiacha ikauke.

Kuchanganya kunataka utulivu. Maji yanatangulia ndooni, unga unafuata kidogo kidogo. Ukigeuza utaratibu huo utapata madonge yenye unga mkavu katikati. Ukishakoroga, acha mchanganyiko utulie dakika 5 hadi 10, kisha ukoroge tena. Uzito ninaoutaka ni ule wa puti kukaa kwenye mwiko ulioinamishwa bila kuchuruzika. Kama puti yako ni ya jipsamu, osha ndoo kila ukimaliza. Masalia yaliyoganda humo huufanya mchanganyiko mpya ugande upesi ukiwa bado umeushika mkononi. Tena ya jipsamu isiende bafuni wala ukuta unaopanda unyevu. Huko inatakiwa ya saruji, na unyevu wenyewe utafutiwe chanzo kwanza.

Tabaka la kwanza nililibana kwa nguvu, mwiko mpana ukipanda kutoka chini kwenda juu, nia ikiwa kujaza mabonde kati ya vinundu. Juu ya rangi ya zamani, hewa inayonaswa hutokea kama vitundu vya sindano. Usivifukie kwa puti nyingi: pitisha tena mwiko safi kwa kubana puti ikianza kushika, vitazibika. Tabaka la pili lilikwenda kwa mlalo, ili kasoro za njia ya kwanza zikatizwe na ya pili. Mistari inayoachwa na ncha ya mwiko niliiparua ilipokauka, badala ya kuirudiarudia ikiwa mbichi.

Mchana ukuta wote ulionekana umenyooka. Usiku nikazima taa ya dari, nikaishika taa ya mkononi ikiwa imegusa ukuta, mwanga ukimulika kwa upande. Kila bonde likajitokeza na kivuli chake. Nikayazungushia duara kwa penseli na kuziba hayo tu. Kwa maoni yangu taa hiyo inafanya kazi kubwa kuliko msasa, na wengi huikumbuka wakishapaka rangi.

Msasa nilianza na namba 150, nikamalizia na 220, umefungwa kwenye kibao bapa ili vidole visichimbe mashimo mapya. Barakoa ya vumbi laini ni lazima, na mlango wa vyumba vingine uzibwe kwa nailoni, maana unga huo unafika hata kabatini.

Mwisho praima tena, kwani puti tupu hunywa rangi bila usawa na kuacha mabaka. Rangi nilichagua isiyong'aa. Inayong'aa husafishika kwa urahisi zaidi, ila hutangaza kila kasoro iliyonusurika ile taa.