Siku niliyoimba namba ya simu Wuhan

Siku sita za Guangzhou sina la kuzisimulia. Shemeji alikuwa ananunua vipuri vya pikipiki, mimi namshikia begi, mchana tunakula wali mkavu kwa bei ambayo Dodoma ningekula kuku mzima na chenji ikabaki. Siku ya saba nikamwambia, "Shemeji, nipe siku tatu zangu," nikapanda treni ya Wuhan. Zaidi ya kilomita 1,000 kwa kama saa nne, na tiketi zaidi ya yuan 400. Maji ya moto ni bure humo ndani. Chakula cha boksi sitaki hata kukitaja.

Mpwa wangu anasoma huko. Alinipokea stesheni, shikamoo mjomba, marahaba, kisha akauliza nimekuja kuona nini, maana wageni wote humtaka awapeleke darajani.

"Nimekuja kuona kengele," nikamwambia.

Nafundisha kwaya mwaka wa 22 sasa. Wanakwaya wangu wameshanisikia mara nyingi nikisema muziki wa Kichina una noti tano tu, d r m s l, yaani doh, re, mi, so, la, hauna fa wala ti, na kwa hiyo unasikika kama wimbo uliong'oka meno mawili. Nilikuwa nalisema hilo kwa kujiamini sana, kama mtu aliyefika.

Basi kengele zenyewe ziko Makumbusho ya Mkoa wa Hubei. Ni 65, za shaba nyeusi, zimening'inia safu tatu kwenye fremu iliyokunjwa kama herufi L, na kubwa kuliko zote ina zaidi ya kilo 200. Zilichimbuliwa mwaka 1978 huko Suizhou, kwenye kaburi la mtawala wa dola ndogo ya Zeng aliyezikwa miaka 433 hivi kabla ya Kristo. Nilizunguka pale mpaka mpwa akachoka akaenda kukaa. Kengele ya kanisani kwetu ni ya duara, ukiigonga inalia mpaka sokoni, huwezi kuipigia wimbo kwa sababu noti ya kwanza haijafa na ya pili imeshaanza. Hizi zimebanwa ubavuni, umbo la kokwa ya lozi, mlio unakatika mapema. Tena karibu kila moja ina sauti mbili: gonga katikati upate moja, gonga pembeni upate nyingine, kwa kawaida noti ya tatu juu yake, yaani kama kutoka doh kwenda mi, au la kwenda doh. Na juu yake yamechorwa maandishi yanayoeleza noti hii kwa watu wa Zeng inaitwaje, na kwa majirani wao wa Chu inaitwaje.

Ukizipanga zote, pale katikati unapata nusu sauti zote 12. Kumi na mbili! Kinanda cha kanisani hakina hata moja ya kuwazidi. Kumbe fa wanayo, wanayo tangu kabla Yesu hajazaliwa. Wanaiweka kando kwa hiari yao, na inapotokea kwenye wimbo aghalabu ni ya kupitia, hawakai juu yake.

Onyesho lina tiketi yake, mbali na kiingilio ambacho ni bure, na wanapiga kengele za kuiga maana zile halisi hazichezewi. Nikalipa. Wakapiga vipande viwili vya kwao, halafu Beethoven, ule wimbo wa furaha. Nimetoka Dodoma, nimelala macho kwenye ndege mbili, nikaja kupigiwa wimbo ambao kwaya yangu inaujua. Ila mi mi fa so ikatoka pale mbele yangu, fa safi kabisa, nikanyamaza.

Jioni hiyo nikanunua erhu. Ni zeze lao: nyuzi mbili, kisanduku kidogo chenye ngozi ya chatu, na unywele wa upinde unapita katikati ya nyuzi, huwezi kuutoa. Muuzaji alianzia yuan 1,200, tukafika 700, akanionyesha magamba ya chatu kwa tochi ya simu. Nililala nimelikumbatia.

Asubuhi mpwa akanipeleka kwenye bustani ya karibu ambako wazee hukusanyika. Wanawake kama kumi walikuwa wanaimba, mzee mmoja mwembamba anawapigia erhu. Mbele yao karatasi. Nikachungulia, nikashtuka: juu pameandikwa 1=D, na chini yake namba tupu. 1 ni doh, 2 ni re, nukta juu ya namba ni ya oktava ya juu. Sisi tunaandika Doh ni G kisha herufi, wao wanaandika namba, basi. Nilikuwa naweza kusoma! Karatasi ya Kichina, mimi niliyeshindwa kusoma mlango wa choo asubuhi ileile.

Mzee akaniona nikitikisa kidole, akanivuta mkono nisimame. Ulikuwa ule wimbo wa ua la yasmini, ambao Puccini aliuchukua akautia kwenye opera yake. 3 3 5 6 1 1 6, 5 5 6 5. Nikaimba kwa solfa, mi mi so la doh doh la, so so la so, kila noti mahali pake, pumzi ya kifuani, kama ninavyowataka wanakwaya waimbe. Wanawake wakaziba midomo. Mzee akasema neno, wakaangua kicheko.

"Amesemaje?"

"Mjomba, usikasirike."

"Sema."

"Anasema umesoma sawasawa. Ila umesoma kama namba ya simu."

Halafu mzee akapiga yeye. Noti zilezile. Lakini akiitoka la kwenda so hakuruka, aliteleza, akapita mahali ambapo mimi sina jina lake, akafika so akaitikisa, akaiacha ishuke kidogo kabla haijafa. Erhu haina ubao chini ya nyuzi, kidole kinabonyeza hewa. Nikaelewa kitu nilichokuwa nakifundisha miaka yote bila kukifikiria. Kwetu ti ikilia kanisa zima linasubiri doh, na fa inataka kuteremka mi. Sauti nne zinasukumana kwa sababu ya hizo mbili. Ukiziondoa hakuna anayemsubiri mwenzake, wimbo unaweza kutua popote. Basi wao utamu wameuweka ndani ya noti yenyewe.

Nikamtolea mzee zeze langu jipya. Akaligonga ngozi kwa ukucha, mara mbili, akamtazama mpwa wangu kwa huruma. Magamba yalikuwa ya kuchapwa. Plastiki. Akalipiga hivyohivyo kwa adabu, likatoa sauti ya mbu.

Njiani kurudi sikuwa namfikiria muuzaji. Nilikuwa namfikiria mama mmoja wa Kigogo kwenye kwaya yangu, sauti ya pili. Ana noti yake moja, chini kidogo hata ya ti iliyoteremshwa, haipo kwenye kinanda. Ndiyo ile ya marimba na zeze za Ugogo, inatoka kwenye uzi wenyewe ukiuacha ulie. Na anaburuza. Nimemwambia mara ngapi, mama, unaburuza. Mwaka juzi, wiki ya mashindano, nilimwomba afungue mdomo tu asitoe sauti. Akafanya hivyo. Tulishika nafasi ya nne.

Nimerudi mwezi sasa. Jumamosi alipita nyumbani kuulizia fulana za kwaya, akaliona zeze ukutani, akaliangua bila kuomba. Akakaza uzi mmoja, akausikiliza, akaulegeza kidogo.

"Mwalimu, hili umelinunua shilingi ngapi?"

Nikamtajia nusu ya bei.

"Umeibiwa," akasema, akavuta upinde.