"Huku kwetu iko sawa" siyo jibu, pimeni njia nzima

Kama umewahi kufanya kazi yoyote inayogusa mitandao ya kompyuta basi hii kauli unaijua, "huku kwetu iko sawa". Mtumiaji analalamika mfumo unakwamakwama, jamaa wa netiweki anafungua dashibodi anaona kijani tupu, huku kwetu iko sawa, wa seva naye anacheki prosesa iko asilimia 20, huku kwetu iko sawa, mkimpigia mtoa huduma wa intaneti anasema laini iko hewani, huku kwetu iko sawa. Na wote wanasema kweli! Hakuna anayedanganya hapo, ila kila mmoja amepima kifaa chake na hakuna hata mmoja aliyepima njia aliyopita yule mlalamikaji.

Ndo maana leo nataka niongelee kampuni za programu zinazofuatilia utendaji wa mtandao, hasa ThousandEyes, maana naona hawa waliligusa tatizo lenyewe.

Ufuatiliaji uliozoeleka, ule ambao SolarWinds (kampuni ya 1999) na PRTG ya Paessler wameuweka vizuri sana, unategemea SNMP, itifaki iliyotoka 1988, yaani lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali yao. Programu inaiuliza ruta au swichi kila baada ya dakika kadhaa, mara nyingi 5, umepitisha baiti ngapi mpaka sasa, inapunguza namba iliyosomwa mara iliyopita, inagawanya kwa muda, inachora grafu. Sasa fikiria laini imejaa pomoni kwa sekunde 30 halafu dakika nne na nusu zilizobaki imekaa tupu, grafu itakwambia matumizi ni asilimia 10. Waliokuwa kwenye simu ndani ya hizo sekunde 30 sauti zimekatikakatika, wamekasirika, na wewe unawaonyesha asilimia 10. Halafu hizo baiti ruta inazihesabu kwa kaunta, na kuna zile kaunta ndogo za biti 32, kwenye laini ya gigabiti 1 inayotumika yote zinajaa na kuanza upya kila sekunde 34 hivi, kwa hiyo ukiuliza kila dakika 5 namba unayopata haina maana yoyote, lazima utumie kaunta za biti 64.

Lakini hata ukirekebisha hayo yote bado kuna kitu kikubwa zaidi, yaani vifaa vyenyewe siku hizi siyo vyako. Barua pepe ziko klaudi, mfumo wa mahesabu uko klaudi, mikutano iko klaudi, paketi, yaani kipande kidogo cha data, inatoka kwenye laptopu inapita Wi-Fi ya mtu nyumbani, inapita mtoa huduma wake, inapita mtandao wa mwingine na mwingine tena mpaka ifike. Nani katika hao atakuruhusu uiulize ruta yake maswali ya SNMP? Hakuna.

ThousandEyes ilianzishwa 2010 na Mohit Lad na Ricardo Oliveira, wote wawili walitoka kwenye utafiti wa shahada ya uzamivu pale UCLA, Marekani, na wazo lao ni rahisi kulisema, kama huwezi kuviuliza vifaa basi ipime njia yenyewe kuanzia pale alipo mtumiaji mpaka pale ilipo huduma. Wanaweka vijiprogramu, wanaviita ejenti, kwenye ofisi zako, kwenye vituo vya data sehemu mbalimbali za dunia, na hata kwenye laptopu ya mfanyakazi, halafu hizo ejenti zinatuma paketi zake muda wote na kuandika zimechukua muda gani, ngapi zimepotea, zimepita wapi.

Hilo la kujua zimepita wapi lina ufundi wake. Kila paketi ya IP ina namba inayopungua kila inapopita ruta, ikiisha ruta hiyo inaitupa na kumrudishia taarifa aliyeituma, kwa hiyo ukituma paketi yenye namba 1, kisha 2, kisha 3, kila ruta ya njiani inajitaja yenyewe. Hiyo ndiyo traceroute, Van Jacobson aliiandika mwishoni mwa miaka ya 80. Shida ni watu wanavyoisoma! Unakuta mtu kaona ruta ya tano inapoteza asilimia 40 anarukia kumlaumu mwenye ruta, wakati ruta ya sita mpaka ya mwisho upotevu ni sifuri, maana yake ruta ya tano inapitisha paketi za watu vizuri tu ila kumjibu yeye siyo kipaumbele chake. Upotevu wa kweli unaanza mahali na unaendelea mpaka mwisho wa njia. Pia mitandao mikubwa ina njia kadhaa sambamba, traceroute ya kawaida inaweza kukuchanganyia njia mbili ukaona njia ambayo haipo, na ndo maana napenda vipimo vinavyotumia TCP, utaratibu uleule ambao huduma nyingi hutumia kusafirisha data, kwenye poti (mlango wenye namba) ileile ya huduma, kwa sababu hapo kipimo kinatendewa karibu sawa na trafiki halisi.

Na msidharau asilimia 1 ya upotevu. Kuna fomula ya Mathis na wenzake ya 1997, inasema kasi ya muunganisho mmoja wa TCP wa mtindo wa zamani inategemea ukubwa wa paketi, muda wa kwenda na kurudi, na kipeuo cha pili cha upotevu. Weka baiti 1460, milisekunde 100, upotevu asilimia 1, unapata megabiti 1 na kitu kwa sekunde, haijalishi umelipia laini ya gigabiti. Aina mpya za TCP zinastahimili zaidi, BBR kwa mfano, lakini seva nyingi bado zinashuka vibaya paketi zikipotea. Mtu kanunua laini kubwa zaidi mara mbili na faili bado linapakuliwa taratibu vilevile, inauma.

Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipopotea kwa karibu saa sita. Amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani unaounganisha vituo vya data, seva zao za DNS (zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) zikaona haziwezi kuvifikia vituo hivyo zikaacha kujitangaza kwa BGP, utaratibu ambao mitandao inautumia kuambiana anwani zipi zinapatikana wapi, na dunia nzima ikawa haijui pa kuzipata. Zana zao nyingi za ndani zilianguka pamoja na mtandao huohuo. Aliyekuwa anapima kutoka nje ndiye aliyeendelea kuona, kwamba DNS haijibu na kwamba njia za BGP zimeondolewa, siyo kwamba intaneti ya ofisini kwake imekufa.

Nina wasiwasi wangu pia. Programu inayoona mtandao wote mara nyingi imepewa funguo za mtandao wote, na Desemba 2020 tuliona ikijulikana kwamba wavamizi walipenyeza msimbo wao ndani ya sasisho la Orion, programu ya ufuatiliaji ya SolarWinds, hadi wateja kama 18,000 wakalipokea. Kwa hiyo programu inayosoma takwimu ipe ruhusa ya kusoma tu, basi. La pili, ThousandEyes ilinunuliwa na Cisco mwaka huohuo wa 2020, na Cisco anauza ruta. Sijaona dalili ya upendeleo kwenye vipimo vyao lakini mimi ningependa sana mpimaji asiwe na bidhaa njiani.

Kama bajeti hairuhusu kampuni yoyote, chukua huduma chache ambazo watu wako hawawezi kukaa bila, zipime kwa TCP kila dakika kutoka kila ofisi, na usihifadhi wastani peke yake, hifadhi na vile vipimo vibaya kabisa vya kila saa. Anza sasa kabla hajalalamika mtu, kwa sababu siku akilalamika swali la kwanza litakuwa njia hii kwa kawaida inachukua milisekunde ngapi, na hiyo namba huwezi kuipima kwa kurudi nyuma.