Bili ya taa za barabarani huanzia kwenye daftari

Taa nyingi za barabarani hazina mita. Shirika la umeme huchukua idadi ya taa kutoka kwenye daftari la taa za mji, huzidisha wati zake kwa saa za giza, yaani kama 4,000 na ushei kwa mwaka, kisha huutoza mji. Taa ya sodiamu ya wati 250, pamoja na umeme unaoliwa na balasti, kifaa kinachodhibiti umeme wa taa hiyo, hufika karibu wati 280. Hizo ni uniti 1,120 kwa mwaka. LED ya wati 100 inayoshika nafasi yake hula uniti 400.

Akiba hiyo haiji yenyewe. Daftari lisiposahihishwa, mji huendelea kulipia wati zisizokuwepo tena. Kosa hili linaniudhi kuliko yote, maana dawa yake ni karatasi tu: ipe kila nguzo namba, andika wati na tarehe ya kubadilisha taa, peleka orodha kwa shirika mwezi huohuo.

Penye mita, angalia fotoseli, yaani kihisi cha mwanga kinachowasha taa usiku na kuizima mchana. Nyingi zikifa huiacha taa ikiwaka mchana kutwa, na matumizi huzidi mara mbili.

Fedha hutoka kwenye kodi ya majengo, tozo katika bili za umeme za wakazi, au mkopo unaolipwa kwa akiba ya LED. Mkopo usipite muda wa dhamana ya taa. Tenga pia fungu la gari la kreni, nyaya zinazoibwa na vigeuza umeme vya LED, ambavyo mara nyingi hufa kabla ya LED yenyewe.