Kaacha Watatu

Hitima ya arobaini ya Kaka imesomwa Jumapili, watu wamekula wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, barua yangu ya uhamisho wa Muheza nayo imetoka. Mimi bado nimeganda kwenye maneno ya shangazi.

Ilikuwa baada ya alasiri, tumekaa mkekani. Sheikh alishatupigia hesabu ya mirathi: baba alitangulia, mke waliachana zamani, mtoto hakuna, ndugu tuliobaki ni wawili. Kwa hiyo mama anapata sudusi, yaani moja ya sita, kinachobaki kaka mkubwa mafungu mawili, mimi moja. Mali yenyewe ni kiwanja cha Maweni, baiskeli mbili na boksi la spana. Hata chai haikupoa. Shangazi akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Hakuacha mtoto, mambo yamekuwa mepesi."

Mama, ambaye tangu siku ya msiba ukimsemesha anaitikia kwa kichwa tu, akajibu bila kumtazama: "Kaacha watatu."

"Watatu wa nani, wifi?"

Mama akanyanyuka akasema anafuata sukari. Sukari ilikuwa pale pale mbele yake.

Nafua, nasikia "mepesi". Niko kwenye daladala, nasikia "mepesi". Najua shangazi hakuwa na ubaya. Ndiye aliyelala chini na mama msiba mzima, na ameona kwenye ukoo wetu kesi ya mirathi ikimaliza watu miaka, yatima wakizungushwa kutoka nyumba hii hadi ile. Alikuwa anashukuru kwamba hayo hatutayaona. Sheikh naye hakukosea. Mpwa hana fungu maadamu mama na ndugu tupo, labda mjomba awe ameusia, na wasia wenyewe hauvuki thuluthi. Kaka hakuusia kitu. Figo hazikumpa nafasi ya kukaa chini na kalamu. Sheria naikubali kwa moyo wangu wote. Lakini mepesi?

Baba wa wanangu watatu alipoondoka (yale siyarudii), huyu wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Hakuna aliyemwomba Kaka chochote. Asubuhi moja alikuja na baiskeli, kafunga mto kwenye keria, akampakia mkubwa akampeleka shule, na ikawa ndiyo desturi. Banda lake pale Ngamiani, chini ya mwarobaini, ndiko walikoshindia baada ya masomo. Walivyokuwa wakimwita mjomba kutwa nzima, mtaa ukadaka. Mpaka wazee wenye mvi wakawa wanasukuma baiskeli zao wakiita, "Mjomba, niangalizie breki."

Pancha alikuwa hazibi peke yake watoto wakiwepo. Anajaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye beseni, kisha anajitoa pembeni. "Haya, nionyesheni panapopumua." Vichwa vitatu juu ya beseni, wanagombania povu. Atakayeliona kwanza ndiye anayesugua msasa, wa pili anapaka gundi, na yule mdogo kazi yake kukalia kiraka kishike. Kiraka hakihitaji kukaliwa. Lakini alikalia, kwa uzito wote wa makalio yake, na mteja akasubiri.

Na wakati wa kusubiri ndipo lilipokuja lile la Coastal Union kuchukua ubingwa 1988! Hapo naandika nacheka peke yangu sebuleni. Mwaka huo Kaka alikuwa mtoto mdogo wa kubebwa begani, lakini ukimsikiliza utadhani yeye ndiye alipiga kona. Anainuka na spana mkononi, anaonyesha beki alivyopitwa, anaanguka chini kabisa kwenye vumbi, watoto wanapiga kelele kama wako uwanjani Mkwakwani. Wanangu hawakuwa wamezaliwa lakini mwaka huo wanaujua kuliko miaka yao wenyewe.

Jana kaka mkubwa alitukusanya kabla hajarudi Dar, akauliza kila mtu achukue kipi. Mama hakungoja. Akasema sudusi yake apewe boksi la spana na ile baiskeli yenye mto, kiwanja tugawane sisi. Kaka mkubwa akamwambia, "Mama, hiyo haifiki hata nusu ya haki yako." Akajibu kwamba haki yake anaijua.

Asubuhi ya leo nafagia, fagio likagota kitu chini ya kitanda cha watoto. Boksi. Limefutwa vumbi, limewekwa kufuli, funguo kavaa mwanangu mkubwa shingoni pamoja na ule wa mlango. Sikuuliza. Shangazi yuko bado kwetu, kaliona, akaniangalia, kisha akamwita yule mdogo aje amsuke.

Sasa mwenye nyumba wa Muheza kapiga simu tena. Anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo anampa mtu mwingine, na posho ya uhamisho haijaingia. Mwenye kujua chumba na sebule kule, hata nje kidogo ya mji, chenye mwenye nyumba anayepokea ya miezi mitatu, aniambie.