Pini ya Catlett, kifungo cha mama

Mwanzoni nilitaka kuiga tu. Kwenye makumbusho ya sanaa hapa Chicago niliganda mbele ya picha aliyoichonga msanii mweusi Elizabeth Catlett mwaka 1952: mama mkulima wa shamba la watu, kofia pana kichwani, koti limeshikizwa kwa pini, ile ya nepi. Pini ndiyo iliyonimaliza. Mama yangu kalima pamba Shinyanga tangu nina akili. Nikasema na mimi nitamchonga hivyo hivyo.

Picha za namna hiyo huchongwa kwenye linoliamu, shiti kama la sakafuni. Ikiwa baridi inavunjikavunjika. Ipitishie pasi kidogo, patasi itateleza kama kisu kwenye sabuni ya mche. Mashine ya kuchapia sina, kwa hiyo nilipaka wino kwa rola, nikaweka karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko. Pembeni nilichonga MAMA. Nikajidai kwamba herufi hizo kushoto na kulia ni sawa, hazina shida. Kumbe chapa hugeuza kila kitu kama kioo. Ikatoka AMAM.

Usiku nikawa namsoma Catlett. Alizaliwa Washington mwaka 1915. Alipofundisha New Orleans, wanafunzi wake weusi walikatazwa kukanyaga bustani inayozunguka makumbusho ya mji. Akawapakia kwenye basi hadi mlangoni, wakaingia kuziona picha za mchoraji Picasso. Nilicheka peke yangu. Akahamia Mexico mwaka 1946, akachukua uraia wa huko mwaka 1962, na Marekani, nchi aliyozaliwa, ikamfungia mlango. Mwaka 1970 wasanii weusi walikutana Evanston, mji jirani kabisa na hapa ninapokaa. Viza alinyimwa, akawahutubia kwa simu.

Nilisoma pia kwamba mwalimu wake kule Iowa, Grant Wood, alimwambia achore kile anachokijua zaidi. Hapo nilipita haraka.

Chapa ya tatu ilitoka safi, nikaipiga picha, nikamtumia mama. Simu haikuchelewa.

“Mwanangu, hiyo pini shingoni ni ya nani? Lini umeniona natembea bila kifungo?”

Kweli kabisa. Mama sindano na uzi haviachi, hata shambani. Nilichokuwa nimekitazama muda wote ni shingo ya mama wa watu.

Na linoliamu haina kufuta. Ulichokwisha kukichimba hakirudi. Nimeanza kipande kingine. Kifungo nimeshakichonga, kina matundu manne. Jina safari hii nimeandika AMAM.